Flaiwili ya Mlangoni

Minza mjukuu wangu,

Mwangaluka. Huku Bariadi goti la shangazi yako limepona, na mvua imechelewa lakini pamba imeota.

Umeniuliza kama uweke flaiwili nyepesi kwenye kagari kako. Mimi niliwahi. Hilo gurudumu la chuma la nyuma ya injini nilimpelekea fundi alichonge lipungue uzito. Nilikuwa nimemuoa bibi yako mwezi huohuo, nikataka injini ichangamke niwe nawahi kurudi kwake.

Nikiwa peke yangu gari liliruka kama swala. Siku tuliyopakia magunia ya pamba, naye bibi yako kakaa pembeni yangu, lilizimika kwenye mchanga wa mto mkavu kila nilipotaka kuliondoa, maana flaiwili nyepesi haihimili mzigo. Akashuka kusukuma, na gauni lake jipya.

"Baba Masanja," aliniita kwa jina la mtoto ambaye hatukuwa naye bado, "uzito ulioutoa kwenye injini umenitwisha mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikatafuta flaiwili nzito, na ile nyepesi akaitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

Weka ukipenda, Minza. Fikiria tu nani atakaa pembeni yako.

Bado ipo mlangoni. Kila jioni bibi yako aliisogeza kwa mguu, akafunga. Sasa hayupo, na mikono yangu haiiwezi, ingawa ni nyepesi. Basi mlango unabaki wazi, nami nasikiliza kila gari linalopunguza mwendo, huenda ni lako.

Babu yako