Nimeimwagia Mrututu Dawa Yangu Mwenyewe

Masudi, usicheke kwanza. Nimeaibika hapa Iyula mbele ya kijiji kizima!

Unajua miche yangu ya kahawa inavyooza mizizi. Leo mtafiti Restuta kaniletea dawa. Kuvu! Eti kuvu nzuri inayokula kuvu mbaya.

Kaweka visahani viwili vya kuvu mezani, kimoja cheupe kama pamba, kingine kijani kama ugali wa juzi. Kaenda kunawa. Nikawapigia watu ile hadithi ya profesa Mrusi niliyembeba kwenye lori akanifundisha mambo ya kuvu, unaijua. Nikasema, "Cheupe ndicho kizima, hiki kimeoza." Nikakimwagia mrututu, ile sumu ya buluu tunayoulia ukungu wa kahawa. MRUTUTU, Masudi!

Restuta karudi, kashika kichwa. "Babu! Cha kijani ndicho dawa! Kile cheupe ni cha kulinganishia tu, tumezima kinasaba kinachopeleka taarifa ndani ya seli. Adui akija hakina habari, hakipigani, hata mbegu hakitoi. Kinanenepa tu."

Mke wangu Sekela akauliza taratibu, "Mwanangu, na kwa wanaume huzimika wakiwa na miaka mingapi?"

Dawa nyingine mpaka mwezi ujao, miche inakufa. Ila jina jipya halikusubiri: kijiji kizima kinaniita Cheupe.