Waya Mbili za Clarisse

Yaya, Clarisse amepata kazi! Maternité ya masista, courant ya umeme na maji, yote iko mu mikono ya mutoto wetu!

Sasa naweza kukusalimia. Yambo sana, yaya wangu, dada yangu mukubwa. Magoti inakuacha ulale kidogo? Sisi hapa Kasungami tuko wazima. Mimi, tangu nilitoka kwenu Kasomeno, bantu banasema nimenenepa, na ni kweli.

Sikiliza namna ilienda. Masista balitaka panneaux za jua zipe chumba ya kuzalia lumière ya taa, tena zivute maji ya forage, kisima yao. Sasa pompe inakulaka courant sana. Ikikula batri yote, mama atazaa mu giza. Njo maana lazima batri iambie pompe: simama, nimechoka. Papa Médard, fundi wa zamani, alileta sanduku mbili za kutia SIM, ziongee kwa internet, forfait ya kulipa kila mwezi. Clarisse alileta waya mbili ndogo, basi.

"Waya? Hiyo ni ya wakati ya babu yako," Médard akacheka mbele ya masista.

Mutoto akamujibu pole pole: "Papa, batri na pompe biko mu lupango moja, kiwanja moja. Wewe na bibi yako munapigianaka telefone toka chumba mpaka ku jiko?"

Masista balicheka, yaya! Sista Régine, mukubwa wao, akasema: "Jaribu. Waya ikishindwa, tutakamata sanduku za Papa Médard."

Sasa sitakuficha: mimi njo nilikaribia kuharibisha. Siku ya kujaribu nilipeleka chakula, bukari, kwa bafundi. Clarisse alikuwa ameenda ku soko. Naona zile waya, ya bleu na nyeupe, zimejisokota moja juu ya ingine toka huku mpaka kule, sawa nywele ya mutoto mwenye hana mama. Haya ikanishika. Nikaketi, nikafungua yote, nikanyoosha muzuri kabisa. Bafundi bakazifukia pamoja na kable kubwa ya pompe.

Clarisse anarudi, anawasha pompe: batri kimya, neno yake haifiki ku pompe. Anazima: batri inasema tena.

"Inasemaka tu kama hakuna kazi," Médard anasema, "sawa shemeji yangu!"

Clarisse akafukua. "Nani alifungua hii waya?"

"Ni mimi, mutoto wangu. Nilitengeneza."

Akashika kichwa. Kisha akanielezea: zikisokotwa pamoja, makelele ya courant ya kable kubwa inazipiga zote sawasawa, mashini ya pompe inaijua, inaitupa. Zikiachana, kila moja inasikia yake, na maneno ya batri inapotea.

"Leta hapa," nikasema. Nani alisukaka vichwa vya bibi-harusi bote ba Kasomeno? Sista Régine mwenyewe akanishikia ncha, mimi nikasokota mpaka mwisho. Clarisse alisema inapita ile ya kuuzwa mu magasin. Akaiweka mu tuyau yake, bomba ndogo, mbali na kable kubwa.

Kisha akafunika panneaux na bâche, turubai ya kuziba jua, akaacha maji itiririke, batri ishuke. Mara pompe ikanyamaza yenyewe. Tukakimbia ku chumba ya kuzalia: lumière iko inawaka, haikutikisika hata kidogo! Sista Régine akamupa Clarisse mukono pale pale, kazi ni yake. Na Médard akanijia kando: "Mama, kesho uko na nafasi? Niko na waya kwangu."

Nisalimie shemeji yangu, bwana yako, aache kubeba mifuko mizito. Nisalimie mulongo wetu wa mwisho, ndugu yetu mudogo, na mama mukwe wako mwenye alisemaka masomo ya Clarisse ni bure. Yeye umusomee hii barua mara mbili. Mimi mulongo wako mwenye kukupenda, Mama Clarisse, nimeandika na mukono yangu.

Masista batafungua robinet ya kwanza ya maji, na Clarisse anataka kuona bantu yake bote pale. Mutoke Kasomeno mapema, mulale kwangu, nguo ya kanisa ndani ya mufuko. Ni Jumamosi, siku ya posho, ile ya kwanza ya mwezi wa munane.