Punje Zisizojua Kizigua

Dindira, Korogwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Salehe, mdogo wangu, unayemsomea Mama, usiikimbize barua hii kama kawaida yako. Soma kidogo, mgeuzie kwa Kizigua, mwache apumue, ndipo uendelee. Mama, goti linaendeleaje? Mvua zimewafikia huko Handeni, au mnayatazama tu mawingu yakipita kuja kwetu? Huku milimani mawingu hayana adabu, yanaingia mpaka jikoni. Sisi tu wazima. Baba Hadija yuko kwenye chai kila siku, na Hadija ananenepa, anakula kunishinda mimi.

Mbaazi ulizompa dereva wa lori zimefika. Ahsante sana, Mama. Nilipofungua mfuko nikanusa, nikawa kama nimekaa mlangoni kwako. Nyingine tumezipika. Nyingine zimefanya kazi ambayo hujapata kuisikia, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unajua kwamba Hadija anaingia mwaka wa nne na maneno yake bado ni ya kuokoteza. Ila sikukueleza yote. Mama mkwe wangu, ambaye kwa kweli ananipenda na ndiye aliyenikanda uzazi wangu, alikuwa amekwisha kukata shauri. Tulikuwa tunamenya magimbi, akaniambia, "Unamchanganya mtoto. Wewe Kizigua, mimi Kishambaa, na vyote vinafanana nusunusu. Ulimi wake utashika wapi? Acha hicho Kizigua."

Nikamwuliza, "Sasa Mama, bibi yake wa Handeni ataongea naye nini?"

"Kiswahili! Kwani huko hawana redio?"

Nikaendelea kumenya, maana Kiswahili chako nakijua, kinaishia sokoni. Tangu siku hiyo nikawa namwimbia mtoto Kizigua tukienda mtoni tu, kama ninayeiba. Nikifikiria siku nitakapomleta kwako mkatazamana bila neno, chakula kilinishinda.

Ndipo akaja Ndugu Agnes, msichana wa rika langu anayesomea saikolojia chuoni Dar es Salaam. Ni elimu ya namna watu wanavyofikiri na kukumbuka. Alitaka kujua kama watoto wanaosikia lugha mbili nyumbani wanakumbuka kidogo kuliko wanaosikia moja. Mama, ndilo swali langu lenyewe! Alitaka msaidizi anayejua Kizigua na kuandika, kwa ajili ya familia za wachuma chai waliotoka huko kwetu. Balozi wetu wa nyumba kumi akanitaja mimi, kwa darasa langu la nne na haya masomo ya watu wazima ya jioni.

Kazi tuliiharibu siku ile ile ya kwanza. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia kina mama walete watoto, mgeni anataka kuwaona. Wakaja wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wote wachangamfu, wa kujibu kabla hawajaulizwa. Ndugu Agnes akatazama, akacheka. "Kijiji hiki hakina mtoto mzito hata mmoja?"

Jirani yetu Mama Daudi akajibu, "Wako, wameachwa nyumbani. Wewe mgeni, tukuletee kuku mwenye kideri?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa Hadija wangu alikuwa ameachwa nyumbani vilevile. Ndugu Agnes hakukasirika. Alieleza kwamba ukionja chungu upande ulioiva tu, hujui kama chakula kimeiva. Basi tukaandika majina ya watoto wote wa umri ule kwenye vikaratasi, tukavitia kikapuni, na balozi akachota huku amefumba macho. Hiyo inaitwa sampuli. Jina la Hadija likatoka.

Jaribio lenyewe halikuhitaji kusema. Unamwonyesha mtoto kijiko, yai, gunzi na vitu vingine, unavifunika kwa kanga, kisha unamwambia aonyeshe kila kimoja kiko upande gani. Wa kwangu sikuruhusiwa kumwuliza mimi, nisije nikamsaidia kwa macho. Nilisimama nyuma ya mlango nikijishika mikono. Hadija alilipata yai, akalibeba, akakaa nalo chini akakataa katakata kuendelea na vingine. Ndugu Agnes akaandika kwamba hakukumbuka. Iliniuma, lakini ndiyo haki.

Walipokwisha wote, Ndugu Agnes akaomba ungo. Kila mtoto aliyekumbuka tukamwekea mbaazi moja, zile zako. Aliyeshindwa, punje ya hindi. Fungu moja la watoto wa lugha mbili, fungu jingine la lugha moja. Kweli, kwenye fungu la lugha mbili mahindi yalizidi kidogo. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale akapiga makofi. "Si nilisema mimi!"

Nikaona nimekwisha.

"Subiri, Mama," Ndugu Agnes akasema. "Kwanza tuchukue dhana kwamba lugha haihusiki kabisa, kwamba hii tofauti imeletwa na bahati tu. Halafu tuone kama bahati peke yake inaweza." Akazichanganya punje zote kikapuni, akamwomba mama mkwe afumbe macho na kuzigawa upya mafungu mawili yenye ukubwa ule ule. Mama mkwe akagawa. Mahindi yakazidi kwenye fungu la kwanza, tena kuliko mwanzo! Akachanganya tena, yakazidi kwenye la pili. Tena, yakalingana. Tena, ikarudi tofauti ileile. Akaendelea mpaka uji ukaungua jikoni, maana hakutaka kushindwa na kikapu.

"Hii bahati ina kiherehere," akasema.

Ndugu Agnes akamwuliza, "Mama, hizi punje zinajua Kizigua?"

"Zikijulie wapi!"

"Na mbona zimeleta tofauti kama ya watoto?"

Mama mkwe akazirudisha punje kikapuni. Nami nikamwuliza Ndugu Agnes, maana nilitaka uhakika, "Kwa hiyo Kizigua hakimdhuru mwanangu?" Akasema hapana, hilo hajalisema. Alichosema ni kwamba hatuna cha kukishtakia. Nikaelewa. Ni kama barazani mbuzi akipotea: mtu akikosa ushahidi wa kumtia hatiani anakwenda nyumbani kwake, hata kama hakuna aliyeapa kwamba ni mwema. Kizigua changu kimekwenda nyumbani, Mama.

Ndugu Agnes akanishauri pia Hadija apimwe masikio. Chai ya mwezi huu ikiteremshwa tutapanda lori mpaka hospitali ya Korogwe. Labda ni masikio, labda ni mtoto wa kuchelewa tu kama ulivyosema nilikuwa mimi. Sijui bado, ila siogopi kama zamani. Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti, na nakushukuru wewe uliyelima zile mbaazi.

Mnisalimie Shangazi Zubeda aliyenisuka siku ya harusi, Baba Mdogo Mhina mwenye cherehani, na mwalimu wangu wa darasa la nne, mwambieni mwandiko bado upo.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini sasa hivi nimesikia jambo huko jikoni. Mama mkwe anamwita Hadija aje kula, na anamwita kwa Kizigua. Anakitamka vibaya, Mama, kama mtu aliyebeba kaa la moto mdomoni. Hadija amemcheka bibi yake, kisha amechukua bakuli lake amekwenda jikoni.

Nikiwa nakupenda, binti yako,
Mwanahamisi, Mama Hadija