Kiti Kilichobaki Barazani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Simu zetu uliacha kupokea, kwa hiyo nimeona nirudi kwenye karatasi. Kifua chako kinaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tupo. Mama analalamikia magoti, lakini ukimwambia akae chini anakwambia ukae wewe. Dada mzima, na mkono wake umeunga vizuri. Mimi mgongo unanisumbua nikiinamia cherehani muda mrefu, ila nakula na ninalala.

Habari za mkono pengine hukuzipata. Mwaka jana wakati wa mvua nilimbeba dada mgongoni kama kawaida yetu, tunapanda basi kwenda hospitali. Ngazi ilikuwa na tope. Niliteleza tukaenda chini wote wawili, naye akatanguliza mkono wa kulia, ule anaoshikia bisibisi. Ukavunjika. Miezi mitatu hakutengeneza simu ya mtu. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine, naye akawa anashinda mezani akipanga skrubu ndogondogo kwenye vikopo, anazimwaga, anazipanga tena. Iliniuma kuliko maumivu yangu mwenyewe.

Sasa nikupe habari njema. Tumepata gari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimpa dada fomu ya kile chama cha msaada unachokijua, dada akaijaza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku. Baada ya miezi mitano wakaja kutukabidhi ufunguo. Si jipya. Mlango una mkwaruzo mrefu, na redio inashika kituo kimoja tu, nacho kinapenda sana matangazo ya vifo. Lakini nyuma kuna ubao wa chuma unaokunjuliwa mpaka chini. Dada anapanda na kiti chake cha magurudumu, tunakifunga kwa mikanda minne sakafuni, tunaondoka. Hakuna kushikwa makwapani, wala abiria wa kumsonya kwamba anawachelewesha.

Siku ya kwanza lazima nikusimulie, ucheke kidogo kabla sijafika ninakoelekea. Mama alivaa gauni jipya nililomshonea kwa ajili ya safari hiyo. Mimi nikatoka chumbani na dada mgongoni, mazoea ya miaka kumi na moja, nikamketisha mbele, nikamfunga mkanda, huyoo. Kufika hospitali nikafungua nyuma na kukunjua ubao kwa madaha, watu wamesimama wanatazama. Ndani patupu. Kiti tumekiacha barazani.

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Dada alisema aliona tangu tunatoka, akanyamaza makusudi ajue nitakumbuka saa ngapi. Nikainama anipande mgongoni. Akakataa. Alisema nirudi nyumbani nikalete kiti, yeye atasubiri humo humo garini. Tukarudi sote, na foleni ikatupita.

Tangu hapo mambo yamebadilika, kaka. Dada anakwenda mwenyewe kuchagua vioo vya simu, na amegundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa namletea vibovu, kila nikipita ananikumbusha. Alhamisi tunampitia binti wa jirani yetu muuza mkaa, naye hatembei, tunampeleka mazoezini. Mara ya kwanza mama yake alikaa kiti cha mbele na mikono mitupu mapajani, hajui aiweke wapi. Alisema amembeba huyo mtoto miaka sita, leo ndiyo ameiona njia ya hospitali.

Yule mama ndiye aliyenikosesha raha. Kaka, haya yote yangewezekana miaka miwili iliyopita. Fomu ya kile chama uliyotutumia ilifika. Niliipokea mimi, hapa hapa dukani kwangu.

Nilisema haikufika. Ukasisitiza kwamba uliituma, mama akakuita mwongo kwenye simu, akasema mjini kumekusahaulisha dada yako. Mimi nilikuwa pembeni nashona kifungo. Sikuinua kichwa. Nilijua fomu iko kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya karatasi vya kukatia mashati, umbali wa mkono.

Ukurasa wa pili uliuliza ni nani anayembeba mhusika kwa sasa. Nikaandika jina langu, kisha kalamu ikagoma. Wewe una kazi yako, dada ana ufundi wake, mama ana nyumba yake. Mimi kitindamimba nilikuwa na mgongo. Mtaa mzima ukiniita Teksi nilikuwa najisikia mtu. Niliona gari likija nitabaki fundi wa kupunguza suruali basi. Nikajiambia nitaimalizia kesho, na nikaiacha. Baada ya hapo dada akavunjika mkono mgongoni kwangu.

Siku wale wa chama walipoleta gari, karani wao aliniuliza faraghani ile fomu ya kwanza ilipatwa na nini. Nikamjibu labda ilipotea njiani. Hata hapo nilidanganya.

Jumapili iliyopita nilimpa dada ile fomu. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Akasema hakuwahi kuomba kubebwa, aliomba kwenda. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniambia nikuandikie, na nisijipambe. Mama nimemwambia jana. Aliuliza kama namba yako bado ni ile ile.

Nimekukosea, kaka, na nimemkosea dada zaidi. Sitegemei unisamehe kwa barua moja. Ila mama akipiga, tafadhali pokea, maana yeye alidanganywa. Msalimie shemeji, na watoto uwaambie shangazi yao anawaulizia.

Barua hii sitaipeleka mimi. Dada amesema nimfikishe posta tu, nifungue mikanda, nikunjue ubao, kisha nibaki garini. Ataingia nayo mwenyewe, aione kwa macho yake ikidumbukia kwenye sanduku. Dada haiamini tena droo yangu.

Ameshavaa viatu. Kiti kiko mlangoni, leo nimekitoa kwanza.

Mdogo wako,
Teksi