Mwalimu Anyamaze

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo nitasimama mbele ya wakaguzi kutoa maoni ya walimu kuhusu mwongozo mpya wa kufundisha kusoma, ule unaotuandikia kila neno la kusema, sauti kwanza, kisha silabi, kisha neno, na wenzangu wamenichagua mimi kwa kuwa ndiye niliyeukejeli kuliko wote, nikauita kitabu cha kasuku, nikasema sikukimbia kwetu miaka arobaini iliyopita ili nije kuwekewa maneno mdomoni ugenini, wakacheka mpaka chai ikawapalia, na tukiukataa, maboksi ya miongozo hiyo yatarudishwa yalikotoka.

Sasa sikia balaa. Siku moja niliusoma darasani kwa dhihaka, nikasoma hata maagizo ya mwalimu yasiyopaswa kusomwa kwa sauti: "Mwalimu anyamaze, ahesabu hadi tano." Watoto wakaitikia kwa sauti moja, "Mwalimu anyamaze!" Nikanyamaza, kwa hasira tu, na kabla sijafika nne, binti wa dirishani, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa hajatamka hata herufi, akasoma ubaoni: "Ka... la... mu. Kalamu!" Tangu hapo naufuata mwongozo neno kwa neno, mlango nimeufunga, na juzi Mwalimu wa Hesabu alipochungulia niliufunika mwongozo kwa gazeti. "Mzee, unasoma nini?" "Habari za dunia." Nikisema kweli, wenzangu wataniita msaliti; nikiukataa, yule binti atabaki na neno lake moja. Nifanyeje?

Kasuku wa Siri

*

Mzee wangu, shikamoo, na pole. Lakini tuambizane ukweli: hukuwekewa maneno mdomoni, uliambiwa uufunge, na hilo ndilo lililokuuma. Miaka yote hiyo umeuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, watoto wakabaki watazamaji wa ufasaha wako.

Wenzako wana hoja. Madarasa yetu nayajua: kipindi cha nusu saa, watoto themanini, kitabu kimoja kwa watatu: hayo yaseme, tena kwa ukali. Ila kesho, saa ya chai, lifunue hilo gazeti mbele yao. Wakikucheka, wavumilie, umewachekesha kwa uongo muda mrefu, na mara hii watacheka kwa haki.

Ijumaa simulia habari ya kalamu, bila methali wala hotuba. Kisha nyamaza, uhesabu hadi tano. Mtu hachungulii mlango wa mwenzake bure; kabla hujafika nne, Mwalimu wa Hesabu naye atafunua gazeti lake, na chini yake utauona mwongozo uleule.