Viungo Vikiingia, Natumwa

Machi 4

Mama,

Shikamoo. Mgongo umekuachia? Mimi mzima, vidole tu vinanuka vitunguu hata nivisugue na majivu.

Ulisema niache kuuza soksi barabarani nikajifunze upishi, nitakuwa mtu. Hoteli zinalia wapishi hamna, chuo kikatugawa majikoni tufundishwe kazi. Miezi saba sasa, Mama. Nimemenya vitunguu vya kulisha jeshi. Mchuzi ukianza kuchemka, Mpishi Mkuu ananigeukia: "Wewe Soksi, kalete sinia stoo." Nikirudi viungo vishaingia, mfuniko uko juu, yeye anapiga mluzi. Sinia lenyewe halina anayelitumia. Kesho yake nalirudisha stoo, ili apate cha kunituma tena.

Juzi kabandika tangazo getini: wapishi wanatafutwa haraka. Nikamuuliza, "Mkuu, si tupo sita hapa?" Akasema, "Nyinyi bado mabichi." Nikamwambia, "Tutaivaje na moto hatuusogelei?" Akanihamishia kwenye masufuria machafu.

Mtihani ni Mei. Kila mtu apike mchuzi peke yake, toka mwanzo. Nikianguka chuo kinanitoa, narudi kwenye soksi.

Mwanao, Soksi

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Wateja hapa kibandani ni wale wale, wanakula huku wanalalamika.

Acha kelele. Mpishi hagawi mkono wake kama peremende. Huyo bwana si mjinga, akikufundisha leo kesho umesimama pake. Osha masufuria, nyamaza, vumilia. Mdomo wako ndio unakuponza tangu utoto.

Mama yako

Machi 27

Mama,

Shikamoo. Salamu fupi, nina hasira.

Nimesoma barua yako nikaona jiko hilo nalijua. Nina miaka kumi, mchuzi wako unachemka, unaniambia, "Baba, kachote maji." Pipa limejaa, Mama. Linamwagika. Nimechota maji miaka minane, kungekuwa na cheti cha kuchota ningekuwa profesa. Mtoto wako wa pekee, na mchuzi wako siujui. Watu wakiniuliza mama'ko anatia nini, nacheka kama zuzu. Kumbe wewe na Mkuu mmesoma darasa moja.

Kama ni kuniambia nivumilie, usijibu.

Mwanao

Mei 2

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukustahili.

Barua yako imelala chini ya godoro zaidi ya mwezi. Kila nikitaka kukujibu nakasirika upya. Shangazi yako alinisaidia jikoni wiki tatu tu. Ya nne akafungua kibanda chake mkabala, wateja wangu wakavuka barabara. Nusu mwaka tulikula makombo. Ndiyo maana ulichota maji. Sikukuogopa wewe, niliuogopa huo mdomo.

Karatasi ya pili ina viungo vyote na wakati wa kutia. Asiione mtu.

Mama yako

Mei 21

Mama,

Shikamoo. Mgongo?

Nimefaulu. Mtahini kalamba kijiko mara tatu, akasema mtamu, ila mwishoni kama kuna kitu kimekatika. Mkuu naye akaonja. Siku hiyo mluzi hakuna. "Soksi, umetia nini humu?"

Nikatazama mlango wa stoo. Nilikuwa na hamu ya kumwambia akalete sinia. Ila wenzangu watano wamesimama pale, sabuni hadi viwikoni, wanne wameanguka mtihani wa kitu ambacho hawajawahi kuonyeshwa. Nikapandwa na hasira. Nikaisoma karatasi yako kwa sauti, juu mpaka chini. Wengine wameandika mikononi.

Najua utawaka. Waka, Mama.

Mwanao, Mpishi

Juni 3

Mwanangu,

Nimewaka siku tatu, sufuria moja imebonyea. Nimekwambia asiione mtu, wewe umeinadi kama soksi.

Bahati nzuri nakujua. Kuna kitu kimoja sikukiandika.

Njoo Jumapili, mapema. Utakaa ndani, kando ya moto. Maji nimeshachota.

Mama yako