Siachi Pampu ya Kahawia

Giakanja, Jumanne jioni

Kosa la wengi wetu wenye pumu ni kuacha pampu ya kahawia, ile ya dawa ya kukinga, mara kifua kinapotulia. Mimi niliiacha msimu wa baridi uliopita, nikabebwa hadi hospitalini nikitafuta pumzi.

Leo shemeji yangu Wangari amenikuta uani nikisukutua baada ya kuvuta dawa, nikatema maji. Kwetu wazee hubariki kwa kutema mate, basi akacheka. "Mzee, unambariki nani? Si umepona? Mwili utaizoea hiyo dawa, isikusaidie tena!"

Nikamweleza kwamba nimetulia kwa sababu ya dawa yenyewe, na kusukutua huzuia utando mweupe ambao dawa hiyo huweza kuleta mdomoni. "Ninabariki mapafu yangu!"

Hakuniamini. Shauri yake. Baridi inakuja na ninaiogopa, lakini siachi.

Kabla ya kulala leo: vuta, sukutua, tema.